Baba Alipoendelea Kuchora

Mwezi uliopita nilienda kumzika mtu ambaye sikuwa nimezungumza naye ila siku moja tu, nikiwa msichana. Aliitwa Nyaga, mchoraji, na kwao ni nje kidogo ya mji wa Embu, mahali ambapo mashamba ya kahawa siku hizi yanaliwa na nyumba za kupangisha. Nilisikia tangazo la kifo chake redioni nikiwa napika, nikazima jiko nikakaa. Siku ya mazishi, chini ya hema, kijana mmoja wa kanisa alisimama kusoma wasifu: Nyaga alizaliwa, alisoma, aliokoka, na ndiye aliyemuumba M'Ikiara, yule mzee wa katuni aliyeichekesha Kenya nzima miaka nenda miaka rudi. Watu wakapiga makofi. Mama aliyekaa kando yangu akanigusa goti. "Huyo M'Ikiara, ai, tulicheka! Wewe ulikuwa unasoma?" Nikamwambia nilikuwa nasoma. Sikumwambia kwamba M'Ikiara alizaliwa juu ya meza ya kulia chakula ya nyumba yetu huko Githongo, na kwamba aliyemzaa ni baba yangu, Mwalimu Murithi, ambaye alikuwa kaburini tayari Nyaga aliposhika kalamu. Nilikula wali na nyama pamoja na wafiwa, nikatoa pole kwa mjane, nikarudi Meru. Tangu siku hiyo mwaka ule uliofuata kifo cha baba haunitoki kichwani.

Sitaeleza ukoo wetu. Koo zetu zote huku zinafanana, na msomaji atachoka kabla sijafika popote. Nieleze meza. Ilikuwa ya mbao nzito, imekaa chini ya dirisha lililotazama kahawa, na Jumamosi baada ya chakula cha mchana baba alikuwa akisukuma bakuli la githeri upande mmoja, anatandika karatasi, anafungua wino. Chumba kikanuka maharagwe na wino, harufu ambayo hata leo ikinijia ghafla hunisimamisha. Alichora picha nne kwa kila katuni, na kabla ya kuandika maneno aliyatamka kwa sauti, kila mhusika na sauti yake, ili asikie kama yanachekesha. Mama hakuwahi kuketi darasani. Kiswahili chake chote alikipata pale, akichambua mchele huku baba anajibishana na watu wake wa karatasi. Ikawa mama akienda sokoni anaongea Kiswahili cha M'Ikiara, na watu wanamsogelea wamsikie. Baba alikuwa akimwonyesha kila katuni kwanza. Mama asipocheka, baba anaichana bila ubishi.

Katuni yenyewe iliitwa Boma la M'Ikiara, na ilitoka kila Ijumaa katika gazeti la Kiswahili lililochapishwa Nairobi. M'Ikiara alikuwa mkulima mjanja asiyefanikiwa na ujanja wake. Mkewe, mwenye mabega mapana, alikuwa mama. Na binti yao, Gacheri, alikuwa mimi. Baba hakujisumbua hata kubadilisha jina. Alinichora nikiwa na miaka kama kumi, sweta ya shule inanifika magotini, na kazi yangu ilikuwa kuuliza swali la mwisho. M'Ikiara anaapa mbele ya mkewe kwamba ameacha tumbaku kabisa, mke anafurahi, mchungaji anaitwa kushukuru, na katika picha ya nne Gacheri anauliza: "Baba, kama umeacha, mbona kuku anapiga chafya kwenye kiota?" Mimi nilikua, nikamaliza shule, nikaanza kufundisha watoto wadogo nikingoja kwenda chuo cha ualimu. Gacheri wa gazeti alibaki na sweta yake. Watoto wa darasani waliniita Gacheri wa gazeti, na nilipenda. Si wengi waliokuwa na baba anayewaweka mahali ambapo hawatazeeka.

Baba alianguka mbele ya ubao, chaki mkononi, mvua za mwisho wa mwaka zilipokuwa zinaanza. Hakuugua hata siku moja. Tulimzika karibu na kahawa. Ijumaa iliyofuata, mwenye duka la Githongo alikuja mwenyewe hadi kwetu na gazeti chini ya koti, akasimama mlangoni kama mtu aliyevunja chombo cha wenyewe. "Mama Gacheri, sijui kama nimefanya vizuri," akasema. "Lakini yumo." Nikafungua. Kweli alikuwamo. M'Ikiara alikuwa anajaribu kumfunza punda kuhesabu. Tulikuwa tumesahau kwamba baba, kwa kuogopa barabara za matope, alikuwa na desturi ya kutuma kazi ya miezi mbele. Sebule ilikuwa imejaa wanawake wa kanisa waliokuja kulia nasi. Mama alinivuta jikoni, akafunga mlango, akasema, "Nisomee." Nikamsomea. Akaziba mdomo kwa kiganja chake, mabega yakatikisika, na sikujua kama ni kicheko au ni kile kingine mpaka aliposema, "Punda! Huyu mtu!"

Hivyo ndivyo tulivyoomboleza. Ijumaa hadi Ijumaa, mama akiniuliza, "Baba yako amesema nini leo?" Kipindi hicho nilikuwa nimeposwa na Ireri, kijana wa Embu, karani katika ofisi ya baraza la kaunti, mtu mpole wa viatu vinavyong'aa, aliyempenda baba kuliko alivyonipenda mimi, nilikuwa nikimtania. Watu wa kwao walikuja kutupa pole kabla msiba haujapoa. Mama aliwaonyesha gazeti kwa fahari ya ajabu. "Aliacha nyingi," akawaambia. "Bado anaongea na sisi." Walitikisa vichwa kwa heshima. Nakumbuka nilifurahi kwamba alisema hivyo. Maneno mengine huwa mazuri siku yanaposemwa, halafu yanakaa chumbani yakingoja.

Kisha ikaja Ijumaa moja, kiangazi kimeanza. Nilikuwa sijafungua mdomo kusoma, mama akasema, "Huyu si baba yako." Nikamwonyesha pembeni chini, ambapo jina Murithi lilikuwa limeandikwa kwa ule mkia wake mrefu. "Sahihi ni yake, mami." "Sahihi ni maandishi," akasema. "Mimi siangalii maandishi. Angalia kuku. Kuku wa baba yako husimama kama anataka kusema kitu. Huyu ni kuku wa kuchinjwa." Nikaangalia. Alikuwa amesema kweli: mistari ilikuwa minene, nyuso zimejaa jasho, na kila mtu alikuwa amefungua mdomo. Nikamwambia tuwaandikie, haiwezekani mtu akachora akaweka jina la marehemu. Mama akalikunja gazeti taratibu, akaliweka juu ya mengine. "Acha kwanza," akasema. Nilidhani ameumia. Wiki ile yote nilimhurumia.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Mkono ule mgeni ulimkuza Gacheri. Jambo ambalo baba hakulifanya kwa miaka yote, yeye alilifanya kwa Ijumaa chache: sweta ikatoka, magoti yakatokea, viatu vya kisigino vikaja, midomo ikapakwa rangi. Gacheri hakuuliza tena maswali. Alikaa kwenye baa ya mji akiwa na kaunsela mmoja mnene, mjumbe wa baraza la kaunti, naye M'Ikiara akachungulia dirishani akijipiga paji la uso. Kule Githongo watu walianza kunisalimia kwa namna nyingine. Wanaume waliokuwa wakikaa nje ya duka waliniuliza kaunsela hajambo. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akazungumza juu ya hali ya hewa kwa muda mrefu, kisha akasema wazazi wengine ni wajinga na nisiwajali. Hakuniambia wamesema nini. Na chini ya kila picha, pembeni, baba yangu alikuwa ametia sahihi.

Watu wa Ireri walikuja tena, na safari hii haikuwa kutoa pole. Alikuja mama yake, shangazi yake na mzee mmoja wa kanisa lao. Ireri hakuwapo, ana kazi nyingi ofisini, walisema. Mimi nilikuwa jikoni na ndizi na nyama motoni, na kati ya jiko letu na sebule palikuwa na mbao tu. Kiembu na Kimeru ni ndugu, lakini jambo zito kati yetu hupelekwa kwa Kiswahili, na walipoanza Kiswahili nikaacha kukoroga. "Mama Gacheri, sisi hatujakuja na ubaya," shangazi akasema. "Tumekuja tu kuuliza. Hii gazeti ya Ijumaa, na ile ingine. Msichana yuko baa na mzee wa watu. Tukasema, gazeti ni gazeti. Lakini mwenye kuchora si ni babake? Jina si hii?" Mama yangu akajibu kitu ambacho sikukisikia. Ndipo mzee wa kanisa akasema, polepole, kama mtu anayeomba radhi: "Na wewe mwenyewe ulituambia aliacha nyingi. Sasa, mama, baba mzazi anaweza aje kuchora mtoto wake namna hii, kama hakuna kitu alikuwa ameona?"

Nilisimama na mwiko mkononi nikingoja. Mama alikuwa ndiye mtu wa kwanza kujua kwamba huyo si baba. Alijua kabla yangu, bila kusoma. Alihitaji kusema maneno manne tu, yale yale aliyoniambia mimi. Nikasikia kikombe kikirudishwa kwenye kisahani. Kisha nikamsikia mama yangu akisema, "Mmetoka mbali. Karibuni chakula." Nikapakua. Nilikiingiza chakula mimi mwenyewe, wakanishukuru, wakasifu nyama, na shangazi alinitazama miguu.

Niliomba ruhusa shuleni nikaenda Embu kumwuliza wakala wa gazeti, maana magazeti yetu yote yalipitia kwake. Alikuwa na duka dogo karibu na soko, na nilipomwambia namtafuta mtu anayechora Boma la M'Ikiara alifurahi. "Murithi? Si ndiye yule," akasema, akinyoosha kidole ng'ambo ya barabara. "Hapa tunamwita hivyo." Juu ya ngazi, mbele ya bucha, kijana mwembamba, Nyaga mwenyewe, alikuwa akipaka rangi ng'ombe ukutani. Nilivuka. Nikasimama chini ya ngazi nikamwambia, "Mimi ni Gacheri. Gacheri binti Murithi." Akacheka kwanza, akidhani ni utani wa msomaji. Kisha akaniangalia vizuri, akashuka, akafuta mikono kwenye suruali, na bado hakunipa mkono.

"Dada, mimi sikujua wewe ni mtu," akasema.

"Ulidhani mimi ni nini?"

"Katuni. Nilidhani ni mtoto wa kubuni. Mhariri aliniambia, huyu msichana mkuze, watu wamechoka na watoto. Mambo ya kaunsela yanatoka Nairobi. Mimi nachora tu. Maneno wanajaza wao."

Nikamuuliza nani amempa ruhusa ya kutumia jina la baba yangu. Akaonekana kushangaa kikweli. "Lakini mama alikubali," akasema. "Mama yenu. Mhariri alikuja huko kwenu mwenyewe, kabla hata hawajanipa kazi. Aliniambia mama amesema M'Ikiara asife, na jina lisiondolewe." Ng'ombe wa ukutani alikuwa bado hana kichwa. "Nitajaribu kukutoa," akaongeza kwa sauti ya chini. "Nitafute njia nzuri ya kukutoa. Nipe tu nafasi." Naamini alikuwa mtu mwema. Nimeamini hivyo maisha yangu yote, na haijanisaidia kitu.

Kutoka hapo nilienda moja kwa moja ofisini kwa Ireri. Tulisimama nje, kando ya mabomba ya maji, na nikamweleza yote kwa pumzi moja: si baba, ni kijana wa ngazi, yuko hapo sokoni, twende ukamwone. Nilifikiri nimemletea funguo. Yeye alitazama viatu vyake. "Gacheri, nilijua," akasema. "Mkono wa mwalimu naujua. Nilijua ile wiki ya kwanza." Nikamuuliza, kama ulijua, mbona hukuwaambia? "Niliambia mama. Mama akasema, hata kama ni mwingine amechora, watu wanaosoma hawatapewa maelezo. Kila Ijumaa itakuwa hivyo. Atakuwa mke wangu na kila Ijumaa atakuwa baa." Alizungumza kwa upole uleule niliokuwa nimeupenda. "Mimi siwezi kupigana na gazeti, Gacheri." Sikulia mbele yake. Nilimwambia asalimie kwao, kwa sababu ndivyo tulivyofunzwa kuagana.

Nyumbani nilimkuta mama uani akimenya ndizi, maji meusi ya maganda yamempaka vidole. Sikumsalimia. Nikamuuliza kama mtu wa gazeti aliwahi kuketi katika nyumba ile. Hakuuliza nani kaniambia. Aliendelea kumenya.

"Ulikuwa umeenda Kianjai kwa shangazi yako," akasema. "Alikuja na gari. Mtu wa heshima, alivua kofia. Akaniambia, mama, zile za marehemu zinaisha. Akaniuliza, M'Ikiara tumfanye nini? Tumzike naye, ama aendelee? Sasa wewe, mwari, ungemjibu nini?"

"Ningemwambia amzike."

"Ndiyo maana Mungu hakukuweka hapa siku hiyo."

"Na mimi je, mami? Walipokaa pale ndani wakisema baba ameona kitu. Ulikuwa umekaa nao. Ukawakaribisha chakula."

Kisu kikasimama. Nilimwona akitafuta, na kwa muda nilidhani ataomba msamaha, na nilikuwa tayari kumpa, Mungu anajua, nilikuwa nimeushika mkononi. "Ningewaambia nini?" akasema. "Kwamba bwanangu hachori tena? Watu watatu, kwenye viti vyangu, niwaambie kwa mdomo wangu kwamba amenyamaza? Wewe uko hai, Gacheri. Mtu aliye hai hupata bwana mwingine. Mimi nitampata wapi?" Akachukua ndizi nyingine. "Hata akiwa na kuku mbaya," akasema, "ni afadhali kuliko Ijumaa tupu."

Nimekuwa mjane mimi pia sasa, wa mtu niliyempata baadaye, fundi wa Muthara, ambaye hakusoma magazeti. Watu huniambia kwamba ujane hufundisha, kwamba sasa lazima namwelewa mama. Namwelewa. Nilimwelewa hata siku ile, nimesimama uani na vumbi la Embu miguuni. Kumwelewa mtu ni jambo moja. Alikuwa amepewa achague kati ya mume wa wino na binti wa nyama, na hakuchelewa hata kidogo. Nilimtunza mpaka alipokufa, nikamlisha, nikamwosha, nikamsomea katuni kila Ijumaa hata macho yake yalipofifia. Majirani walisema hawajaona binti kama mimi. Sikuwahi kumuuliza tena, naye hakuwahi kurudia.

Nyaga alitimiza ahadi yake. Mwaka ulikuwa umekaribia kuisha, kahawa zimeiva, na mimi nilikuwa nimepata barua ya kwenda chuoni na nilikuwa nahesabu tu siku za kutoka nyumbani kwetu. Mwenye duka alileta gazeti huku akicheka. "Hongera, mwalimu!" akaniita kutoka langoni, na sikuelewa. Wanawake wawili waliokuwa wakipita na madebe ya kahawa wakapiga vigelegele, mmoja akaniuliza mbona hatukualikwa. Nikafungua. Nyaga alikuwa amemwoza Gacheri. Hakuna kaunsela, hakuna baa. Alimpa bwana kijana mwenye suti, kanisa lenye kengele, shela ndefu, na katika picha ya nne, ambayo ilichukua nusu ya nafasi yote, M'Ikiara alikuwa amemshika bintiye mkono akimpeleka madhabahuni, kifua mbele, machozi yakimtiririka hadi kwenye tai. Hakukuwa na maneno. Ilikuwa kazi nzuri. Kwa mara ya kwanza mistari ilikuwa laini, na nilijua ameichora kwa moyo wake wote, na kwamba alifikiri ananipa zawadi.

Mama alikuja akifuta mikono, akalichukua gazeti, akalipeleka penye mwanga wa dirisha. Hakuniomba nimsomee. Alikaa kwenye kiti cha baba, akaliweka mezani, na kidole chake kikafuata shela kutoka kichwani mpaka sakafuni, kisha kikapanda kwenye mkono wa M'Ikiara na kutulia hapo. Alianza kulia kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa hata kaburini. "Angalia," akasema. "Angalia amempeleka. Alisema atampeleka mwenyewe, na amempeleka." Nilikuwa nimesimama mbele yake na sufuria mkononi, bila bwana, bila baba, na alipoinua macho yake yaliyojaa furaha hakunitafuta mimi. Alikuwa amekiinua kile kidole chenye madoa ya ndizi, akakirudisha polepole kwenye uso wa yule msichana wa karatasi, na kumfuta machozi aliyokuwa amemdondoshea.